Somo Lililotundikwa Mara Arobaini na Moja

Iko nchi inaitwa Ureje. Njia ya kwenda huko usiniulize, mimi si mtu wa ramani, na aliyefika hakunieleza aliingilia wapi. Alinieleza alichokikuta, na hicho ndicho nitakachokupa, bila kutia chumvi, kwa kuwa chumvi wenyewe wameshaitia ya kutosha.

Aliyefika anaitwa Mwatumu binti Shee. Ni mkunga, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye viganja vipana na subira ndogo kwa watu wanaopiga soga kazi ikiwa inangoja. Alikuwa akienda kwa bintiye, Siwema, aliyeolewa ng'ambo ya mto Sombe. Siwema alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba ya kwanza ilimtoa damu mpaka wanawake wa huko wakaanza kuulizana sanda iko wapi, na mtoto hakuishi. Safari hii alimpelekea mama yake ujumbe mfupi: njoo wewe, mikono mingine siiamini. Mwatumu akahesabu siku, akaona ana wiki nne na kidogo, akafunga mkoba wake.

Kuvuka kulikuwa na njia moja tu, daraja la Ureje. Mto Sombe una mkondo wa kumng'oa ng'ombe na mamba wasiojua mzaha, na hakuna mwenye akili zake anayeushukia. Daraja lenyewe lilikuwa karibu kwisha. Lilikuwa karibu kwisha tangu mwaka juzi.

Lina vipande saba. Sita vimekalia nguzo za mawe, na hivyo hata ungevifunga kwa uzi wa kushonea vingekaa. Cha saba, kinachogusa ukingo wa pili, kinaning'inia kwa kamba za katani peke yake. Wareje hufanya kazi kwa duru za siku kumi na nne. Kila duru hujenga kipande cha saba, na kila duru, siku ya kumi na tatu, kipande cha saba huanguka mtoni.

Mwatumu alikikuta kikianguka. Alikuwa amefika jana yake, na asubuhi hiyo kaketi kwenye kibaraza cha wageni na kikombe cha chai ya tangawizi. Akaona mbao zinateleza moja moja, taratibu, kama watu wanaoshuka ngazi, kisha zote kwa mkupuo. Akainuka, chai ikammwagikia mapajani. Alitazamia kusikia mayowe. Badala yake wajenzi walianza kunawa mikono na kubadili nguo, wakavaa zile za Ijumaa.

“Kuna sherehe?” akamwuliza mwanamke aliyeketi naye kibarazani, mwembamba, mwenye funguo nyingi kiunoni.

“Leo ni siku ya kutazama nyuma, mama,” akajibu yule mwanamke. Jina lake Bi Asina, na kazi yake ni Mtunza Masomo wa nchi nzima. “Njoo ushuhudie. Wageni hupenda sana.”

Kikao cha Kutazama Nyuma hufanyika uwanjani, hatua chache kutoka darajani. Palikuwa na vigoda sitini, vyote vimeelekezwa kwenye barabara ya mjini, vimeupa mto mgongo. Mwatumu alipotaka kugeuza chake ili aone kilichoanguka na kimeangukaje, mkono ukamshika begani kwa adabu. Sheria ya Ureje inasema anayetazama nyuma sharti ageukie alikotoka, na kila mmoja wao asubuhi ile alikuwa ametoka nyumbani. Hivyo kwa mwaka mmoja na nusu Wareje walikuwa wakilijadili daraja lao bila kuliona.

Mwendesha Kikao alikuwa Bwana Ngwali, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza na kengele ya shaba. Akaigonga.

“Ureje hakuna wa kulaumiwa,” akasema.

“Hakuna,” wakaitikia watu sitini.

Kwanza kila mmoja alitakiwa kueleza hali ya hewa ya moyo wake. Mmoja akasema kwake kuna mawingu mepesi. Mwingine, jua na upepo wa wastani. Ilichukua asubuhi yote, na karani akayaandika yote. Zamu ya mgeni ilipofika, Mwatumu akasema, “Mimi nataka kuvuka.” Karani akafikiri kidogo, akaandika: manyunyu.

Kisha yakaja makapu matatu, la yaliyopendeza, la yaliyoudhi na la yanayotamaniwa, na kila mtu akatia vibao vyake vilivyoandikwa. Kisha vibao vikamwagwa chini vipangwe mafungu. Hapo ndipo Wareje walipochangamka. Wako wanaoamini kwamba “kamba zililegea” na “mbao ziliteleza” ni fungu moja, na wako wanaoamini ni mafungu mawili, na pande hizo mbili hazijaoleana kwa muda sasa. Walibishana mpaka alasiri. Wakapiga kura kwa punje za choroko, tatu kwa kila mtu, na kutoka kwenye fungu lililoshinda likaandikwa somo kwenye ubao wa mninga, kwa hati nzuri kweli: Kamba zifungwe kavu. Zikifungwa zimelowa, hulegea zikikauka.

Watu wakapiga makofi. Mwatumu naye akapiga, tena kwa nguvu, kwa kuwa lilikuwa jambo la maana na limesemwa vizuri. Akajiambia kumbe hawa watu wana akili, kazi yao ni kuchelewa tu. Siku kumi na nne nyingine na atakuwa upande wa pili, na wiki mbili za ziada mkononi.

Kikao kilikuwa na jambo moja la mwisho. Bwana Ngwali alitoa kofia nyeupe kwenye kisanduku, na baada ya minong'ono akamvika mpasua mbao mmoja wa makamo.

“Huyu ndiye Asiyelaumiwa wetu wa duru hii,” akasema.

“Hatukulaumu,” wakamwambia wote kwa pamoja. Wakainuka wakaondoka, na hakuna aliyempa mkono. Mwatumu alielezwa kwamba Asiyelaumiwa huivaa kofia yake duru nzima, hula peke yake, hasalimiwi, na wanawe hupewa nafasi shuleni nyuma ya wenzao. Akauliza mtu huyo kakosa nini. Wakashangaa. Si wamesema hakukosa kitu?

Asubuhi iliyofuata alishuka mtoni kuona kamba kavu zinavyofungwa. Akakuta birika kubwa la saruji limejaa maji, na ndani yake kamba za katani zimezama kama nyoka. Mzee mmoja mrefu, ngozi ya mikono imekunjamana kwa maji ya miaka, alikuwa akizigeuza kwa mti.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba, mama.”

“Unafanya nini?”

“Naloweka kamba. Mimi ni Kitwana, mlowekaji.”

“Jana si mmejifunza zifungwe kavu?”

“Tumejifunza,” akasema Mzee Kitwana bila kuinua macho. “Somo limeshatundikwa.”

Mwatumu akaenda moja kwa moja kumtafuta Bi Asina mwenye funguo.

Nyumba ya Masomo ndiyo jengo zuri kuliko yote Ureje. Sakafu yake inang'aa, na kuna watu wanne walioajiriwa kufuta vumbi tu. Masomo yametundikwa kutani kutoka chini mpaka darini, na juu ya mlango imechongwa sheria ya nchi: Somo Likishatundikwa Limetekelezwa. Mwatumu akaanza kusoma. Kamba zifungwe kavu. Akasogea. Tusifunge kamba zenye maji. Akasogea. Imeonekana kwamba kamba iliyolowa, ikikauka, hulegea. Moja lilikuwa na fremu ya dhahabu kwa kushinda tuzo ya mwandiko. Moja lilikuwa limetungwa kwa vina. Alipomaliza kuta nne alikuwa amehesabu arobaini na moja.

“Ni lilelile,” akasema.

“Ndilo somo letu kubwa,” akasema Bi Asina, na kusema kweli alilisema kwa fahari.

“Na la kwanza kabisa lile, lenye mwandiko wa kulala, kaliandika nani?”

Bi Asina akashusha sauti. “Mlowekaji mwenyewe. Kitwana. Duru ile ndiye aliyevikwa kofia.”

Hapo Mwatumu alielewa mambo mawili, na yote mawili yakampandisha hasira. La kwanza, hakuna mtu hata mmoja Ureje asiyejua kwa nini daraja linaanguka. La pili, kama mambo yataachwa yaende hivihivi, Siwema atazaa huko peke yake, na yeye atakuwa upande huu wa mto anaulizwa hali ya hewa ya moyo wake.

Akaanza kubisha milango. Bwana Ngwali alimpokea kwa halua na kahawa, akamweleza kwa upole kwamba somo likishatekelezwa kisheria, kulitekeleza tena itakuwa ni kuidharau Nyumba. Akaenda kwa Bwana Ubao. Huyu ndiye aliyesimamia ubao mkubwa mweusi katikati ya mji, unaoonesha mafundo mangapi yamefungwa kila duru. Duru iliyopita yalikuwa mia tisa na kumi na mbili, na mji mzima ulikuwa unajivunia.

“Kamba iliyolowa ni laini, mama,” akasema Bwana Ubao. “Inafungika upesi. Ukileta kavu utanishushia mpaka mia tatu. Watu watasema nini?”

“Lakini kipande kinaanguka.”

“Kinaanguka siku ya kumi na tatu. Mafundo nayahesabu siku ya kumi na mbili.”

Mwisho akaenda kwa Chausiku, mkuu wa wafungaji, mwanamke mwenye misuli na maneno machache. Chausiku hakumjibu kwa sheria. Alimwonesha viganja vyake tu, laini, havina alama. Akasema kamba kavu ya katani hukata nyama, aliijaribu mara moja zamani, na ana watoto wa kulea kwa mikono hiyo. Miongoni mwa wote, huyo ndiye pekee ambaye Mwatumu alimheshimu.

Siku ya kumi na tatu kipande cha saba kikaanguka. Watu wakanawa mikono.

Sasa Mwatumu alikuwa na wiki mbili na siku chache. Sheria ya Ureje haimruhusu mgeni kuzungumza kikaoni ila kwa kutoa shukrani. Asubuhi ile akamfuata Bi Asina, akamwomba kitu.

“Sheria inakataza kutoa somo nje ya Nyumba,” akasema Bi Asina. Alizigeuzageuza funguo zake. Miezi mingapi alikuwa akifuta vumbi juu ya neno lilelile, yeye ndiye anayejua. “Lakini haisemi chochote kuhusu kutoa arobaini na moja. Leta kapu kubwa.”

Kwa hiyo kengele ilipogongwa, na “hakuna wa kulaumiwa” ikasemwa na kuitikiwa, Mwatumu aliinuka na kapu lake.

“Nina shukrani,” akasema. “Nashukuru kwa somo la kamba kavu.” Akatoa ubao wa kwanza akauweka chini mbele ya vigoda. “Nashukuru tena kwa somo la kamba kavu.” Akaweka wa pili. Akaendelea hivyo, wa tatu, wa nne, kila mmoja na shukrani yake, wala hakuharakisha. Mwanzoni watu walitabasamu. Alipofika kumi na tano wakaacha. Alipofika thelathini hapakuwa na anayekohoa. Wa arobaini na moja aliuweka juu ya miguu ya Bwana Ngwali, kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha.

“Mimi ni mkunga,” akasema. “Kwetu, tukishamaliza kuzalisha na mama kalala, mimi na mwenzangu tunakaa jikoni tunaulizana kitu kimoja tu. Safari ijayo tubadilishe nini? Siku moja mtoto alitoka nikaanza kutafuta uzi wa kufungia kitovu, uzi haupo, mtu akatumwa mbio kwa jirani. Usiku uleule nilishona mfuko ndani ya gauni langu, nikatia uzi. Tangu siku hiyo uzi unao mfuko wake. Hatukuliandika popote. Sasa nauliza, kesho asubuhi nani hataloweka kamba?”

“Swali zuri sana, mama mgeni,” akasema Bwana Ngwali. “Naomba tuliandike, tulitie kapu la yanayotamaniwa.”

“Usiliandike. Nijibu.”

“Sote, mama. Sisi ni kundi moja.”

“Huyo Sote namtafuta wiki mbili sasa, sijamwona,” akasema Mwatumu. “Anakaa nyumba ipi? Anaamka saa ngapi? Mimi nina mtoto huko ng'ambo atakayezaa kabla ya mwezi kwisha, na safari iliyopita nusura afe. Nipeni jina la mtu.”

Kila mmoja alitazama kisogo cha mwenzake, kwa kuwa ndivyo walivyokaa. Kisha kutoka kigoda cha nyuma kabisa ikasikika sauti ya mtu asiyezoea kusikika.

“Anayeloweka ni mimi,” akasema Mzee Kitwana. “Kesho asubuhi sitaloweka. Birika nitalimwaga leo jioni.”

Bwana Ngwali alitazama makapu yake matatu, moja baada ya jingine. Hakuna lililotengenezwa kwa jambo kama hilo.

“Mafundo yatashuka,” akasema Bwana Ubao. “Yatashuka mpaka mia tatu.”

Aliyemjibu alikuwa Chausiku. “Kila duru nafunga mia tisa,” akasema. “Hebu niambie, Bwana Ubao, katika hayo yote, leo yamebaki mangapi?”

Bwana Ubao hakuwa na hesabu hiyo. Haikuwahi kuhitajika.

Mzee Kitwana akaja mbele, akakifungua kisanduku mwenyewe, akatoa kofia nyeupe akaivaa. “Nimeivaa mapema,” akasema, “tusipotezeane muda baadaye.” Wakamtazama kwa mara ya kwanza usoni. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba hawamlaumu.

Usidhani mambo yalinyooka hapo. Siku ya kwanza ya kamba kavu, Chausiku na wenzake walifunga mafundo kumi na tisa. Ya pili, kumi na saba. Mji ulipouona ubao, watu walipita wameinamisha vichwa, na Bwana Ubao akaanza kuvaa nguo za matanga. Ikaletwa rai kwamba kamba ziloweshwe robo tu. Ikaletwa nyingine kwamba zifungwe kavu lakini zihesabiwe kama zimelowa. Mzee Kitwana, na kofia yake, alikaa juu ya ukingo wa birika tupu kutwa nzima, siku baada ya siku, asije mtu akalijaza.

Siku ya tisa Chausiku aliitupa kamba chini. Viganja vilikuwa vimechanika, damu imeingia mpaka kwenye nyuzi.

“Nimechoka, Bi Mwatumu. Binti ni wako, mikono ni yangu.”

“Kweli,” akasema Mwatumu. Hakumbembeleza. Alikaa naye chini, akatoa mafuta ya nazi mkobani, yale aliyoyaweka kwa ajili ya Siwema, akampaka kidole kwa kidole, kisha akachana kanga yake vipande akamfunga. “Ukiacha sitakusema popote. Ila nijibu kama mfungaji. Yale uliyofunga juzi, umeyagusa leo?”

Chausiku akainuka, akaenda mpaka kipande cha saba, akalivuta fundo la siku ya kwanza kwa uzito wake wote. Akavuta la pili. Akarudi. Aliokota kamba yake akaendelea, na jioni ile wafungaji wote walikuwa wamefungwa vitambaa vya kanga mikononi, maua mekundu na meusi.

Siku ya kumi na mbili ubao ulionesha mia mbili na sita. Siku ya kumi na tatu, kwa mazoea, watu wakanawa mikono na kuvaa nguo za Ijumaa, wakasimama kungoja. Kipande hakikuanguka. Wakangoja mpaka saa nne. Hakikuanguka. Hali hiyo haikuwa na sheria, na Bwana Ngwali, kwa kukosa la kufanya, akagonga kengele.

Ndipo Mwatumu alipoona ng'ambo ya mto kanga nyekundu imepandishwa juu ya mti. Walikuwa wamekubaliana na mkwewe, mume wa Siwema, kwa kupigiana kelele juu ya maji, kwamba kanga hiyo maana yake ni moja. Uchungu ulikuwa umeanza, siku tatu kabla ya wakati.

“Bwana Ngwali, naomba kuvuka,” akasema.

“Bila shaka, mama. Sheria inasema hakuna mguu utakaokanyaga daraja kabla ya kikao kufungwa na somo kutundikwa. Tukianza sasa hivi na hali ya hewa ya mioyo,” akahesabu kwa vidole, “na kwa kuwa hatujui cha kutia kapu la yaliyoudhi, tuseme siku tatu.”

Akageuka, akaketi. Wote wakageuka, wakaketi, migongo mtoni. Mtu wa kwanza akaanza kueleza kwamba kwake leo kuna ukungu asioujua chanzo chake.

Mwatumu akautia mkoba begani. Kati yake na daraja hapakuwa na mlinzi wala mlango; palikuwa na migongo sitini. Akatembea.

Vipande sita alivipita kama mtu anayekwenda sokoni. Kwenye cha saba miguu ilisita. Alisema baadaye kwamba hakuogopa kufa, aliogopa kufa leo. Chini maji yalikuwa yanakwenda mbio, ya kahawia. Akaweka mguu mmoja, ubao ukalia, akaweka wa pili. Akashika kamba ya pembeni na kuona kwenye kila fundo doa dogo la kahawia, limekaukia humo. Ilikuwa damu ya Chausiku. Basi akalitazama fundo lililo mbele, akalifikia, akatazama lililofuata.

Nyuma yake aliisikia sauti ya Mzee Kitwana, haikuwa kubwa. “Linabeba,” ilisema.

“Mzee Kitwana, tafadhali,” ikasema ya Bwana Ngwali. “Tuko kwenye kutazama nyuma.”

“Ndiko ninakotazama.”

Kikafuata mkwaruzo wa kigoda kinachogeuzwa juu ya mawe. Kikafuata cha pili, kisha vingi kwa pamoja. Mwatumu hakugeuka. Lakini mkwewe, aliyekuwa amesimama ukingo wa pili, ndiye aliyemhadithia alichokiona: watu wa Ureje wamekaa wanalitazama daraja lao kwa mara ya kwanza, wengine vinywa wazi, na Bwana Ngwali peke yake akiielekea barabara tupu na kengele yake mkononi, mpaka naye, polepole, akageuka. Anasema pia kwamba mzee mmoja alivua kofia nyeupe akaitupa mtoni, na hakuna aliyeinuka kumpa nyingine mtu yeyote.

Siwema alikuwa amelala ubavu, ameng'ata kona ya mto wa kulalia. Alipomwona mama yake akaanza kulia kwa sauti, kitu ambacho alikuwa amekikataa tangu alfajiri.

“Mbona umekawia hivyo, mama?”

“Nilikuwa na watu wanaojifunza, mwanangu. Haya, geuka, nipe mgongo.”

Mtoto alikuja alasiri, wa kike, mdogo, mwenye hasira. Damu ilikuja baada yake kama mara ile ya kwanza, na Mwatumu alikuwa ameshaingojea. Alilikandamiza tumbo kwa ngumi, akahesabu, akakandamiza tena, mikono yake mipana haikutoka pale mpaka damu ikapungua, ikawa matone, ikaacha. Siwema alikuwa mweupe midomo, lakini alikuwa anauliza mtoto yuko wapi.

Hapo Mwatumu akaingiza vidole kwenye mfuko wa ndani ya gauni lake, akatoa uzi. Akafunga kitovu mara mbili, akalivuta fundo aone kama linashika. Lilishika.